Jina Lisilo na Mwenyewe

Evert Näslund alijifunza kusoma jina lake makaburini. Kabla hajaanza shule, mama yake Brita alikuwa akimshika mkono kila Jumapili baada ya ibada, anampeleka hadi kwenye msalaba mdogo wa mbao karibu na ukuta wa mawe, na pale anamwonyesha herufi kwa kidole, moja baada ya nyingine. Siku alipoweza kuziunganisha mwenyewe, mtoto akashtuka.

"Mama, mbona niko hapa?"

"Si wewe," Brita akamjibu. "Ni kaka yako."

Kaka huyo alikufa kwa kifaduro angali mdogo, na mwaka uliofuata akazaliwa mtoto mwingine wa kiume. Pale Lövnäset, kijiji cha wakulima na wakata magogo kaskazini mwa Uswidi, hapakuwa na la kujadili. Mtoto akifa, anayemfuata huchukua jina lake, kama anavyochukua koti lake. Mchungaji hakuuliza kitu, wala majirani. Tofauti ni kwamba koti likikubana unaweza kulivua.

Shuleni wenzake walipata pa kumshika. "Evert, wewe si ulishakufa? Mbona unakula uji wetu?" Alikuwa anacheka nao, maana asiyecheka hupigwa. Nyumbani hapakuwa na utani, lakini palikuwa na maneno. Akilia anapooshwa uso, mama alisema, "Evert hakuwa analia." Akichelewa kutembea na kundi la mbuzi, "Evert alikuwa mwepesi wa miguu." Hakuna aliyemfafanulia ni Evert yupi. Alijua mwenyewe. Yule mwingine hakuwahi kuvunja bakuli wala kukojoa kitandani, na hakuwahi kuzeeka hata siku moja.

Hivyo akakua kijana wa maneno machache. Alipokuwa mkubwa alifanya kazi ya magogo wakati wa baridi, akiyaburuta kwa farasi hadi kwenye barafu ya mto, na wakati wa kiangazi alikata majani ya ng'ombe na kulima viazi kwenye shamba la baba yake, Jonas. Baba huyo alikuwa mpole, mpenda kahawa, na siku moja ya masika alikaa kwenye ngazi ya nyumba kuvua viatu, asinyanyuke tena. Evert akabaki na shamba na mama.

Alimpata Elsy kwenye ngoma ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, parokia ya ng'ambo ya ziwa. Elsy alikuwa msemaji kwa wawili. Alipoambiwa jina la yule kijana aliyesimama ukutani kama ufagio, akamwendea, akamwambia, "Evert, miguu hiyo umeazima au ni yako?" Evert akasema hana hakika. Elsy akadhani ni mzaha, akacheka sana. Baada ya mavuno wakaoana.

Brita akahamia chumba kidogo cha nyuma, kama ilivyo desturi mkwe akiingia, naye Elsy akapewa jiko. Walipatana kuliko ilivyotazamiwa. Kikongwe alipenda kuchekeshwa ingawa hakupenda ionekane, na Elsy alikuwa mtu wa kumchekesha hata fundi wa majeneza.

Ikapita miaka bila mtoto. Kisha vuli moja Elsy akaanza kutapika kila akisikia harufu ya samaki wa chumvi, na Brita, bila kuambiwa kitu, akatoa sufi aliyokuwa ameificha sandukuni akaanza kufuma.

Basi likaja suala la jina. Ukutani jikoni palikuwa na kalenda, ile ambayo kila siku ya mwaka ina jina lake la mtu, na jioni baada ya chakula Elsy aliichukua akaiweka juu ya tumbo lake kama meza.

"Hjalmar," alisoma.

"Hjalmar ni yule wa kinu cha mbao," Evert akasema. "Ana pumu."

"Ruben."

"Ruben alizama."

"Halvard."

"Halvard alikuwa mjomba wa mama. Alikwenda Amerika asiandike."

"Wewe mwanamume una makaburi kichwani," Elsy akasema. "Basi tumwite Nebukadneza. Huyo hatuna undugu naye."

Evert akacheka, lakini alikuwa hatanii. Kwa maneno ya kukatakata akamweleza mkewe jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu: kwamba anataka jina jipya kabisa, jina ambalo hakuna wa ukoo wao, hai wala maiti, aliyewahi kuitwa. Jina lisilo na mtu ndani yake. Mtoto aingie kama anavyoingia mtu nyumba mpya, bila kukuta viatu vya mwingine mlangoni. Elsy aliirudisha kalenda ukutani. Alikuwa ameuona ule msalaba, lakini hakuwa amefikiri maana yake kwa mumewe.

Jina lenyewe Evert alilipata kituo cha reli, alipokwenda kuchukua mbegu. Treni ilikuwa imeshapiga honi, na mwanamke mmoja upande wa pili wa mabehewa akaita, "Alvar! Njoo, mpenzi wa mama, tunaachwa!" Evert hakumwona mwanamke wala mtoto. Alisikia miguu midogo ikikimbia juu ya mbao, kicheko, kisha treni ikaondoka. Njia nzima ya kurudi alilirudiarudia jina lile moyoni. Lilikuwa na sauti ya mtu anayengojwa.

"Alvar," akasema Elsy, akilionja. "Alvar Näslund. Huyo atavaa viatu vilivyong'arishwa. Sawa. Lakini mama utamwambia wewe."

Brita alikuwa na jina lake tayari, na hakuona kama ni jambo la kuuliza. Mtoto wa kiume wa kwanza ni wa babu yake. Angeitwa Jonas. Alisema hivyo wakiwa mezani, akimimina kahawa kwenye kisahani ipoe, kwa sauti ya mtu anayesema kesho ni Jumatatu.

"Hataitwa Jonas, mama," Evert akasema. "Ataitwa Alvar."

"Alvar wa nani?"

"Si wa mtu."

Brita akaweka kisahani chini. "Kwa hiyo majina ya watu wangu yananuka kwako."

"Sikusema hivyo."

"Baba yako alikukosea nini?"

"Baba hakunikosea kitu." Evert alikuwa akiutazama mkate wake. "Mama, mimi tangu nizaliwe ninaishi ndani ya nguo ya marehemu. Kila uliponiita, nilikuwa sijui unamwita nani. Sitaki mwanangu aitwe hivyo."

Elsy aliacha kutafuna. Uso wa kikongwe haukuonyesha hasira. Kisha akainuka, akachukua sufi yake, akaenda chumbani akafunga mlango taratibu. Tangu siku hiyo alikuja jikoni pale tu mwanawe alipokuwa msituni. Akirudi, aliondoka. Elsy alijaribu kuwapatanisha kwa mizaha, akashindwa. Hata hivyo, nyuma ya mlango, kufuma hakukukoma.

Uchungu ulimshika Elsy mwezi wa Machi, kabla ya wakati wake. Evert alikwenda kumchukua mkunga, Bi Tekla, kwa kigari cha kuteleza kwenye theluji, na njia nzima Bi Tekla alimwambia apunguze mwendo, maana mkunga aliyevunjika shingo hana faida kwa mtu. Kulikuwa na jua kali lililofanya theluji ing'ae mpaka macho yanauma.

Mtoto alizaliwa kabla ya mchana, wa kiume. Evert, aliyekuwa jikoni akichochea moto usiohitaji kuchochewa, alingoja kilio. Alisikia sauti ya Bi Tekla, maji, kofi dogo, kisha kitu kama mlio wa paka aliye mbali. Mlango ukafunguliwa.

"Ingia," Bi Tekla akasema. Mikono yake ilikuwa imembeba mtoto kwenye taulo. Mtoto alikuwa na rangi ya buluu kuzunguka mdomo, na kifua chake kilipanda, kikashuka, kikatulia mno, kisha kikapanda tena. "Sitakudanganya, Näslund. Huyu hatamngoja mchungaji. Ninambatiza mimi. Lete maji, unipe jina."

Elsy alikuwa amelala macho yamefumba, midomo mikavu, hajiwezi. Evert alisimama. Jina alikuwa nalo. Alikuwa ametembea nalo majira yote ya baridi nyuma ya farasi, akilisema kwa ndani huku mvuke wa pumzi ukimtoka. Sasa alifungua mdomo lisitoke. Alijua kwamba likishatamkwa juu ya kitoto hiki, halitakuwa tena jina lisilo na mwenyewe.

"Jina, mwanangu," Bi Tekla akasema, kwa upole zaidi. "Muda haupo."

Evert akatikisa kichwa. Hakuweza.

Nyuma yake pakasikika hatua. Brita alikuwa ameingia na bakuli jeupe la maji ya uvuguvugu, lile la ubatizo la nyumba hiyo. Hakumtazama mwanawe. Akalisogeza bakuli karibu na mkunga na kulishika kwa mikono miwili.

"Alvar," akasema. "Anaitwa Alvar."

Bi Tekla akachovya mkono mara tatu, akasema maneno yanayosemwa. Mtoto maji yalipomgusa paji la uso alikunja uso, kama mtu anayeudhika, na hilo Evert alilikumbuka baadaye kuliko yote, kwamba aliudhika, kwamba alikuwa na nguvu za kuudhika.

Aliishi hadi jua lilipohamia dirisha la upande wa ziwa. Brita alikuwa amemfunga kwenye blanketi la sufi alilolifuma yeye, na alimweka juu ya kifua cha Elsy, na Elsy akaamka kiasi cha kumjua na kumwambia maneno ambayo wengine hawakuyasikia. Kifua kidogo kilipotulia mara ya mwisho, hakuna aliyejua ni ile mara ya mwisho, mpaka wakaona wamengoja sana.

Jeneza Evert alilitengeneza mwenyewe kwa mbao za msonobari alizokuwa amezikausha kwa ajili ya kitanda cha mtoto. Hakuwa na mbao nyingine. Mama yake alikuja kwenye kibanda cha useremala akakaa juu ya gogo, akamwangalia akipiga randa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu vuli kukaa pamoja wawili tu.

"Ulipiga kelele usingizini ulipokuwa mdogo," Brita akasema. "Kaka yako alikuwa anapiga kelele vilevile. Sikukuambia. Nilikuambia yale mazuri tu."

Evert akaendelea kupiga randa.

"Nguo zake zilichomwa zote, kwa sababu ya ugonjwa. Daktari ndiye aliyesema. Hata kofia. Picha hatukuwa nayo, nani alikuwa na picha wakati ule? Nilibaki na jina peke yake. Nikawa nalisema peke yangu zizini, halijibiwi. Halafu ukaja wewe." Akapangusa vumbi la mbao magotini. "Nilitaka niliite, na mtu aitike. Ni hilo tu. Sikufikiri kwamba anayeitika ni mtu."

Evert aliiweka randa chini. Alitaka kusema kwamba amesamehe, lakini halikuwa neno lenyewe, na alitaka kusema kwamba sasa anaelewa, nalo lilikuwa kweli kiasi cha kumtisha. Alichosema ni, "Kuna baridi humu, mama. Nenda ndani." Brita akasema atakaa. Akakaa mpaka misumari ikaisha.

Walimzika karibu na ukuta wa mawe, ambako watu walilazimika kuwasha moto kwanza ili ardhi iliyoganda ilainike. Elsy hakuweza kwenda. Alipopata nguvu, alikwenda peke yake, na aliporudi alikuwa mtu mwingine. Si kwamba aliacha kusema. Alisema kama kawaida, ila mizaha ilikuja ikiwa imechelewa, kama mtu anayekumbuka kwamba ni zamu yake.

Brita alifariki mwaka uliofuata, na kabla ya theluji kuanguka tena Elsy akawa mjamzito. Safari hii hakuichukua kalenda. Alingoja mpaka mtoto alipozaliwa, mzima, mwekundu, mwenye makelele yaliyowatoa kunguru juu ya paa. Bi Tekla akasema, "Huyu atakuwa mpiga mnada." Elsy akamkumbatia, na machozi yakimtoka akamwambia mumewe:

"Ni Alvar."

"Alvar amekufa, Elsy."

"Najua amekufa. Nilimshika. Lakini nimebaki na nini chake? Nataka kulisema jina lake jikoni. Nataka kulisema nikiwa na hasira, nikisema vua viatu hivyo, njoo ule. Nitakwenda kulisema kule ukutani tu mpaka lini?"

Alikuwa akisema maneno ya Brita bila kujua, maana Evert hakuwahi kumsimulia yale ya kibandani. Kumtazama kulimvunja. Kwa muda alikuwa tayari kukubali, na huenda mwanamume mwingine angekubali, na hakuna mtu Lövnäset ambaye angemlaumu. Lakini akilini alimwona mtoto amesimama mbele ya msalaba akiunganisha herufi.

"Siwezi," akasema. "Niombe kingine chochote. Hilo siwezi."

Elsy akageuza uso ukutani. Mtoto alibatizwa Jonas, jina la mzee aliyekuwa amemaliza nalo. Kanisani Elsy alilitamka wazi mbele ya mchungaji. Nyumbani alisema "kijana," alisema "mwanangu," alisema "wewe mharibifu." Jina la Jonas hakulisema ila mbele za watu, au akikasirika.

Mtoto alipokuwa ameanza kutembea, Evert alirudi siku moja mapema kutoka msituni, farasi ameumia kwato. Alipofika mlango wa zizi na ndoo za maji, alisikia mkewe anakamua ndani, maziwa yakigonga ndoo, na sauti yake ya zamani, ile ya ngoma ya ng'ambo ya ziwa.

"Alvar," alisema. "Alvar, mwizi wa mama. Nani amekuambia uvute mkia wa ng'ombe?"

Mtoto akacheka. Akaja mbio kwenye majani makavu.

"Alvar ni nani? Eti, Alvar ni nani?"

"Mimi," akasema mtoto.

Evert alisimama na ndoo mikononi. Hasira ilimpanda. Angeweza kusukuma mlango. Alisikiliza namna Elsy alivyokuwa akicheka, akakumbuka ni muda gani hakukisikia kicheko hicho, na kwamba yeye hakuwa na kitu cha kumpa badala yake. Aliziweka ndoo kwenye theluji taratibu zisilie, akazunguka nyumba, akaja upya kwa mbele akikohoa na kukanyaga kwa kishindo. Kutoka siku hiyo, akirudi, alikohoa kila mara. Elsy hakumwuliza kwa nini amekuwa mtu wa kikohozi.

Hawakulizungumza maisha yao yote. Walizeeka pamoja bila ugomvi mkubwa. Hawakupata mtoto mwingine. Jonas alikwenda kusini kufanya kazi ya kiwanda, akaoa, akawa anakuja kiangazi na gari lake. Elsy alipofariki, alikuja akakaa na baba yake kwa muda, na siku moja wakiwa jikoni wanamenya viazi, akasema kama mtu anayesimulia habari za mbwa wa zamani:

"Unajua mama alikuwa na jina jingine la kuniita? Kule zizini, tukiwa wawili."

Kisu cha Evert kikasimama. "Najua."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nje."

Jonas akamtazama. "Nikiwa mdogo nilidhani kila mtoto ana jina la zizini. Nilimwuliza mtoto wa jirani lake ni lipi, akanipiga."

Evert hakucheka. "Lilikulemea?" akauliza. Alikuwa amengoja kuuliza hilo tangu mwanawe akiwa na meno ya maziwa, na sasa sauti yake ilikuwa ya mzee, haikutoka vizuri. "Ulipokuja kujua ni la nani. Niambie kweli, usinionee huruma."

Jonas akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri, hilo alilitoa kwa baba.

"Hapana, baba," akasema. "Mama alikuwa akiniita hivyo akiwa na furaha. Akikasirika nilikuwa Jonas."

Evert akaitikia kwa kichwa. Nje kulikuwa na jua, na ng'ombe hawakuwepo tena siku nyingi, zizi lilikuwa limewekwa mitumbwi ya watu wa mjini. Alitaka kumwambia mwanawe kwamba yeye, aliyelipata jina lile kituoni na kulibeba baridi nzima nyuma ya farasi, hakuwahi hata mara moja kulitamka mbele ya mtoto mwenyewe. Siku ile ya ubatizo halikumtoka, na Brita ndiye aliyelitamka. Lakini hakujua aanzie wapi.

"Hivi vinatosha," akasema, akasukuma bakuli la viazi upande wa Jonas. "Weka maji motoni."